Root mwachie sh yake

Mdogo wangu unayeanza kazi ya seva, ukikalishwa mbele ya FreeBSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, kwa mara ya kwanza andika `which sh`. Itakujibu /bin/sh. sh ni sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika. Kisha ulizia sheli nyingine, `which bash`. Kama ipo, itakujibu /usr/local/bin/bash. Usiipuuze hiyo "local" hapo katikati, mimi iliniliza.

Kerneli (kiini cha mfumo), sh, ls, mpaka ssh (ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali), kwenye FreeBSD vinatunzwa pamoja na kutolewa pamoja kama mfumo mmoja, na kwa usakinishaji wa kimapokeo husasishwa kwa `freebsd-update`. Ulivyoviongeza mwenyewe kwa kisimamizi cha vifurushi `pkg`, yaani bash, nginx, PostgreSQL, hata sudo, vinakwenda /usr/local, na mipangilio yake iko /usr/local/etc. Waliozoea Ubuntu, aina ya Linux, humaliza asubuhi nzima wakitafuta nginx.conf ndani ya /etc. Siwalaumu. Kule kerneli nayo ni kifurushi kama vingine, apt, ambayo ndiyo pkg ya huko, inaisasisha sawa na inavyosasisha mchezo wa karata.

Sasa yangu. Nilikuwa natunza seva ya ofisi moja hapa Kigoma. Sikuipenda sheli ya root, akaunti kuu ya msimamizi, nikambadilishia nikampa bash, na akaunti yangu hivyohivyo. Mwana kulitaka. Jioni moja nikaanza `pkg upgrade`, umeme ukakatika katikati. Uliporudi, bash haikuwaka: maktaba mojawapo ya programu ambayo bash huitegemea ilikuwa imeshaondolewa, mpya haijakaa. Naandika root, naandika nywila, skrini inanirudisha palepale pa kuandika jina. Nywila ilikuwa sahihi, ila hakukuwa na sheli ya kunipokea. Akaunti yangu nayo ndiyo hiyohiyo. Nje wavuvi wa dagaa wameshawasha taa ziwani, mimi nimekodolea macho neno "login".

Kilichoniokoa ni ile /bin/sh niliyoidharau, maana pkg haiigusi. Niliwasha mashine upya, kwenye menyu nikachagua hali ya mtumiaji mmoja (single user), ikaniuliza natumia sheli gani, nikabonyeza Enter tu. Kisha nikafanya diski iandikike, nikamrudishia root sh yake:

mount -u /
mount -a
pw usermod root -s /bin/sh

Nikawasha tena, nikaingia, nikamalizia `pkg upgrade`. Bash naitumia mpaka leo, lakini kwenye akaunti yangu tu.

Na skripti zako usizianze na #!/bin/bash, huku haipo hapo. Andika #!/usr/bin/env bash, au bora uiandike kwa sh.

Ukitaka kuona mpaka wenyewe, chukua mashine ya majaribio (ya majaribio, nimesema) ambayo mfumo wake husasishwa kwa `freebsd-update`, uandike `pkg delete -a`. Vyote ulivyoongeza vitaondoka, na mashine itawaka kama kawaida. Ila kama akaunti yako ilikuwa na bash, ssh itakukatalia, kwa hiyo fanya ukiwa umekaa mbele ya mashine yenyewe.