Teja wa ukumbini kwangu hakuwahi kuwepo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Vichekesho vya mateja vinaelimisha jamii au vinadhalilisha wagonjwa?" Najibu kama mtu aliyevila, maana vimenilipia kodi ya nyumba. Mimi ni mshereheshaji. Naongoza harusi, sendofu na kichen pati huku Temeke na Mbagala, na kwa miaka kama sita hivi kipande changu cha uhakika kilikuwa cha teja, yaani mtu aliyezama kwenye heroini.

Ukumbi ukipoa, chakula kimechelewa, maharusi bado wako kwenye foleni ya magari, basi natokea nyuma ya spika magoti yamelegea, shati limechomoka upande mmoja, naongea kwa kuvuta puani: "Braza... braza mkubwa... nipige tafu mia tano tu, sijala tangu jana." Halafu nainama. Hapo ndipo penyewe. Nainama taratibu, kichwa kinaelekea sakafuni, mkono unaning'inia, ukumbi mzima unapiga kelele "Anaangukaaa!", nami nabaki palepale, pua iko shubiri moja kutoka kwenye zulia. Kisha najinyanyua polepole, najikuna shingo, naendelea kuomba ile mia tano kana kwamba hakuna kilichotokea. Mjini kila mtu anaujua msemo: teja hadondoki. Mashangazi wa bibi harusi walikuwa wananifuata kunibandika noti kwenye paji la uso.

Mdogo wangu aliniona nikikifanya mara moja. Ilikuwa harusi ya binamu yetu, yeye alisimama mlangoni na viatu visivyofanana. Wakati huo alikuwa ameshazama, nyumbani tulikuwa tumeshazoea kuficha pasi na simu. Nilimwona na sikusimamisha. Nitasema nini, watu walikuwa wanacheka.

Usiku akanisubiri uani. Nilidhani atalia au ataomba hela. Akaniambia, "Kaka, unakosea. Yule anayeinama ameshapiga, stimu imekaa. Hana shida na mia tano ya mtu. Anayeomba mia tano ana arosto, na mwenye arosto hainami. Umechanganya watu wawili."

Hilo ndilo jibu langu, mengine ni nyongeza. Miaka sita nilikuwa naigiza mtu ambaye hayupo. Na si mimi peke yangu. Angalia vichekesho vinavyorushwa kwenye simu, utakuta karibu wote tumeshona miili miwili ikawa mmoja. Heroini ikishaingia, mtu anapoa, macho yanafunga nusu, anajikuna, anasinzia akiwa amesimama. Baada ya saa chache, sita, nane, inategemea mtu, inaanza kuisha, na mwili unageuka. Hiyo ndiyo arosto. Machozi na kamasi vinatoka vyenyewe, miayo haiishi, vinyweleo vinasimama, tumbo linafunguka, mifupa inauma kama inatolewa uboho. Mtu wa namna hiyo hatulii dakika mbili. Anatembea, anahangaika, atabeba chuma chakavu, atapiga debe stendi, atang'oa kioo cha pembeni cha gari yako. Anatafuta kete ya heroini ya kumtoa kwenye maumivu. Starehe ilishaisha zamani, wengi hawakumbuki mara ya mwisho. Sasa mtu akisema kichekesho kile kinaelimisha, mimi namuuliza kinamfundisha nani nini, wakati mwalimu mwenyewe hajui somo?

Tulimwona teja kila siku, kituoni, sokoni, chini ya mti pale maskani, na hatukuwahi kumtazama. Mlevi wa pombe tunamcheka pia, tena sana, lakini yeye anabaki na jina na watu wake. Tunasema mzee fulani jana kalala mtaroni, tunacheka, kesho anakuja kusuluhisha ugomvi wa wapangaji. Teja hana "fulani". Ni teja tu. Wengi wanasema neno lenyewe limekatwa kutoka kwenye mteja, na ukifikiri utaona ni kweli kibiashara: kwa anayemuuzia ni mteja, kwetu ni teja, kwa mama yake tu ndiyo ana jina.

Halafu kuna jambo linanishangaza. Huo unga wa heroini haulimwi Tandika. Unatoka Afghanistan, unavuka bahari kwa majahazi mpaka pwani yetu, una wenyewe wenye magari na majumba. Sijawahi kumwona mchekeshaji akimwigiza huyo. Na mimi simo katika mashujaa, sikuwahi kufikiria hata siku moja. Ningeigizaje mtu ambaye labda amekaa meza ya mbele?

Mdogo wangu sasa ana mwaka wa tatu kwenye methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya heroini. Dawa hii ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, baadaye ikaja Mwananyamala na Temeke, na Zanzibar nao wakapata yao. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo mtu anakunywa mara moja asubuhi na arosto haimshiki. Lakini anakunywa mbele ya muuguzi, kila siku. Jumapili, Idi, mvua ya masika ya kufunga barabara ya Jangwani, unakwenda. Mwanzoni nilikuwa namsindikiza ili asipotelee njiani. Anafika dirishani, anapewa kikombe kidogo, anakunywa, anaongezewa maji anakunywa, kisha muuguzi anamwambia aseme kitu, asije akawa ameibana mdomoni akaitemee nje na kuiuza. Siku ya kwanza alisema jina lake, la baba na la babu. Foleni nzima ikamtania: "Huku hatuandikishi kura, bwana."

Foleni ile ndiyo iliyonitoa tongotongo. Wanataniana vibaya kuliko chochote nilichowahi kusema jukwaani. Mtu akikosa siku mbili, jina lake likiitwa wote wanajibu kwa sauti ya yule dada wa simu: "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa." Aliyenenepa anaambiwa siku hizi ana kivuli. Kwa hiyo wanaosema tusicheke kabisa, nao sikubaliani nao. Wale wanacheka kutwa. Ila wanajua nani ni nani, nani alianguka tena na nani mkewe amerudi, na mzaha unakwenda kwa mwenyewe, naye anajibu.

Kichekesho changu hakikuwa na wa kujibu. Mdogo wangu alipata kazi gereji, siku ya tatu akatumwa kununua plagi, mmoja akapaza sauti: "Hesabuni chenji mapema, huyo anainama nayo!" Wakacheka. Mwenye gereji naye akacheka, na kuanzia hapo akatuma mtu mwingine dukani. Yule kijana aliyesema hakuwa mbaya. Amekulia kwenye harusi kama zangu.

Nilikiacha kile kipande na sitawadanganya, kimenigharimu. Wateja wawili walilalamika, mmoja alinikata hela: "Tumekulipa kwa ajili ya lile la teja, wewe unatuletea mjomba mlevi." Mdogo wangu ndiye aliyenipa wazo, akaniambia nikitaka kuigiza yeye atanifundisha, ila na yeye alipwe. Tukafanya mazoezi uani, mama akiwa kwenye kigoda anachambua mchele na kututazama kama vichaa wawili. Tukatengeneza kipande cha foleni ya dirishani: muuguzi anayesema "tamka kitu" na mtu anayetaja ukoo mzima.

Nilikijaribu kwenye kichen pati moja mwezi uliopita. Kilichekesha kiasi tu, meza mbili tatu. Wakati nakunja waya za spika akaja mama mmoja, mkononi hana noti. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hilo dirisha ulilokuwa unalisema, lipo kweli?" Nikamwambia lipo. Akaniuliza linafunguliwa saa ngapi.