Mmoja kati ya wanne? Inategemea mnahesabu minyoo gani

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama ni kweli kwamba mtu mmoja kati ya wanne duniani ana minyoo tumboni. Kazi yangu ni ya maabara, na sampuli za choo ndizo zinazoninyima usingizi, kwa hiyo mniwie radhi nikijibu kwa kirefu.

Takwimu hiyo ipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.5, karibu asilimia 24 ya binadamu wote. Ila hao ni wenye minyoo wanaoenezwa kwa udongo peke yao: minyoo wa mviringo, mijeledi na safura. Kichocho hakimo. Jiadia na amiba hazimo, kwani hizo ni vijidudu vya seli moja. Wala hawamo wale minyoo weupe wadogo kama vipande vya uzi, wanaotoka usiku kutaga mayai kwenye ngozi ya njia ya haja kubwa na kumkunisha mtoto hadi alfajiri. Hao wamejaa hata katika nchi tajiri zenye vyoo vya kuvuta maji, na kipimo cha kawaida cha choo huwakosa mara nyingi kwa sababu mayai hayo hayatagwi ndani ya utumbo. Ukiwataka, bandika selotepu hapo asubuhi mapema, kabla mtoto hajaoga, kisha uiweke chini ya hadubini.

Hata hao tunaowahesabu, tunawahesabu kwa kubahatisha kuliko watu wanavyodhani. Kipimo kinachotumika sana katika tafiti kinaitwa Kato-Katz. Unachuja choo kwenye wavu, unajaza kitundu kinachobeba takribani miligramu 41.7, unafunika kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini, halafu unakandamiza mpaka kitandazike. Mayai uliyoyaona unazidisha mara 24 kupata idadi kwa gramu moja. Gliserini ndiyo inayokuwezesha kuona, na ndiyo inayokuponza: mayai ya safura yana ganda jembamba, na baada ya saa moja hivi yanayeyuka machoni pako. Mpimaji aliyechelewa kidogo kwenye chai anarudi, anachungulia, anaandika "hakuna" kwa moyo safi kabisa. Ongeza na hili: mwenye minyoo wachache anaweza kuonyesha mayai leo na kesho asionyeshe hata moja.

Mara nyingine kosa huwa upande wa pili. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba asilimia 10 ya watu duniani wamebeba amiba wa kuhara damu. Mwaka 1993 wataalamu wakatenganisha rasmi aina mbili zinazofanana kama mapacha chini ya hadubini: Entamoeba histolytica, inayomfanya mtu augue, na Entamoeba dispar, isiyo na madhara. Wengi wa wale waliokuwa wakihesabiwa walikuwa na hii ya pili.

Lakini mimi naona swali lenyewe, "watu wangapi?", linaficha jambo kubwa zaidi. Takriban minyoo wote hawa hawaongezeki ndani ya mwili. Jike la mnyoo wa mviringo hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, lakini lazima yatoke, yakomae kwenye udongo kwa wiki kadhaa, ndipo yamezwe upya. Kila mnyoo uliye naye aliingia kivyake. Ndiyo maana katika jamii moja wengi huwa na wachache tu, na watu wachache wanabeba sehemu kubwa ya minyoo yote. Chukua aina ya safura iitwayo Ancylostoma duodenale, ambapo kila mnyoo humpotezea mtu kama mililita 0.2 za damu kwa siku. Mwenye watano anapoteza mililita moja na huenda asijue kamwe. Mwenye mia moja anapoteza mililita 20 kila siku, na akiwa mtoto au mjamzito anayekula vibaya, damu itamwishia. Kwenye takwimu yenu, wote wawili wamehesabiwa sawasawa.

Je, idadi hushuka? Hushuka. Korea Kusini, uchunguzi wa kitaifa wa 1971 ulikuta mayai kwa asilimia 84.3 ya waliopimwa. Wa 1997 ukakuta asilimia 2.4. Wanafunzi walipimwa choo mara mbili kwa mwaka na waliokutwa na mayai wakapewa dawa, huku vyoo vikiboreshwa na kinyesi cha binadamu kikiacha kutumika kama mbolea mashambani. Wanaotegemea kidonge peke yake wasitarajie hayo. Albendazole ya miligramu 400 humwondoa mnyoo wa mviringo vizuri sana, lakini kwa mijeledi dozi moja haiwaponyi wengi, na palipo na kinyesi kwenye udongo hata waliopona huanza kuambukizwa tena ndani ya miezi michache.