Usimtie Mtu wa Kale Maneno ya Leo Kinywani

Mswada wangu wa kwanza wa hadithi ya kihistoria kwa vijana wa kanisa ulirudi kutoka kwa mhariri ukiwa na wino mwekundu chini ya Zaburi ya 23. Nilikuwa nimemwandika kijana mpagazi, mwaka 1885, akikariri gizani, "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu," nami nilijivunia ukurasa huo kuliko kurasa zote. Pembeni mhariri aliandika swali moja tu: huyu amesoma Biblia gani? Maneno hayo ni ya tafsiri ya Union, Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea makanisani, iliyotoka mwaka 1952, na hata ile Biblia nzima ya Kiunguja haikutoka hadi mwaka 1891. Mpagazi wangu alikuwa akinukuu kitabu ambacho kingechapishwa miaka 67 baadaye.

Nilidhani ni kosa la kurekebishwa kwa dakika tano. Nilipousoma mswada upya nikaona kwamba Zaburi ile ilikuwa dalili tu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa umeenea mwili mzima. Kijana wangu aliomba kama tunavyoomba sisi katika mikesha ya Ijumaa huku Kasarani, alitoa ushuhuda wa kuokoka kwa mpangilio tuliouzoea, na hakuwahi kushuku lolote. Kwa kifupi, nilikuwa nimemchukua mlokole wa Nairobi nikamfunga shuka ya amerikani kiunoni. Watoto wa leo ni wepisi kunusa hila hiyo; wakishajua kwamba hadithi ni mahubiri yaliyovaa koti la hadithi, wanakufunikia kitabu.

Kisa chenyewe, cha msafara ambao kijana wangu alibeba mizigo yake, hakikuhitaji kutiwa chumvi. Askofu James Hannington, Mwanglikana kutoka Uingereza, aliondoka Rabai karibu na Mombasa mwezi Julai 1885 na wapagazi zaidi ya 200 kuelekea Uganda, akiandamana na Mchungaji William Jones, Mwafrika aliyetekwa utotoni, akaokolewa, akasomeshwa Nasik kule India, na kupewa ushemasi mwaka huo huo. Karavani ilipita Ukambani na Ukikuyu, na ilipofika mahali tunapopaita Mumias leo, askofu aliendelea mbele na watu 50, akamwacha Jones na wengine wote wakisubiri. Tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa Busoga, na wengi wa watu wake waliuawa naye. Hao waliobaki nyuma walirejea pwani mwaka uliofuata wakiongozwa na Jones, chini ya bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, lile jina la mtoto katika 1 Samweli 4, aliyezaliwa siku ambayo utukufu uliondoka katika Israeli.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kwamba uanze na vitu vidogo vinavyoshikika, kwa sababu ndivyo vinavyokuzuia kumgeuza mtu wa kale kuwa jirani yako. Katika mswada ule nilimlipa mpagazi kwa shilingi, ilhali shilingi ilianza kutumika hapa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na pwani ya wakati ule ilihesabu fedha kwa reale na rupia. Huko bara chakula kilinunuliwa kwa ushanga, nyaya na vitambaa, na kijana aliyebeba mzigo wa nyaya begani tangu alfajiri anaomba ombi tofauti kabisa na la mtu aliyetoka kushuka kwenye matatu. Nilimpitisha pia "Nairobi", mji ambao reli ililifikia eneo lake mwaka 1899! Sasa nina tabia ya kwenda Makumbusho ya Reli na ofisi za Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue kabla ya kuandika sura yoyote, na kwa maneno ya zamani naifungua kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf iliyochapishwa London mwaka 1882. Kazi hiyo inachosha, na sura moja inaweza kumeza mwezi mzima. Sijapata njia ya mkato.

La pili ni gumu zaidi, nalo ni kuwaacha Wakristo wa kale wawe na dhambi zao. Freretown, kijiji ambacho wamisionari wa CMS (Church Missionary Society), chama cha kimisionari cha Kianglikana, walikianzisha karibu na Mombasa miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachiliwa, kilikuwa kimbilio la kweli. Lakini katika miaka ya mwanzo ya 1880 wasimamizi wake walilalamikiwa kwa kuwachapa viboko watu wale wale waliookolewa kutoka kwa viboko. Nilikuwa nimeliruka jambo hilo kwa hoja kwamba wasomaji wangu ni wa miaka kumi na miwili. Mhariri akanikumbusha kwamba watoto hao hao wamekwisha kusoma habari za Daudi na mke wa Uria. Vivyo hivyo, usimfanye kila mwovu kuwa Mwarabu au Mwislamu. Biashara ya watumwa ilikuwa na mikono mingi, ikiwemo ya watawala wa bara na ya wanunuzi Wazungu, na mtoto atakayesoma kitabu chako Jumapili atakaa dawati moja na Fatuma Jumatatu.

Kuhusu kuwasomea watoto hadithi hizi, nitasema machache. Soma kwa sauti, nusu sura kwa wakati mmoja, na usikimbilie kujibu. Katika darasa letu la Shule ya Jumapili, binti mmoja aliniuliza kwa nini Mungu hakumwokoa askofu ilhali alikuwa anamtumikia. Zamani ningemimina mistari mitano hapo hapo. Siku hiyo nilimwomba atuambie anadhani Mchungaji Jones aliwaza nini alipopata habari akiwa kambini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nadhani alikasirika, halafu akaona aibu kwa sababu yeye ni mchungaji." Sentensi hiyo ilikuwa bora kuliko sura yangu nzima ya tisa, na nilimwomba ruhusa ya kuitumia.

Tulipofika kwenye bendera, mvulana aliyezoea kusinzia nyuma aliinua mkono. "Mwalimu, ile bendera aliishona nani?" Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa nimeiandika ikipepea tu, kana kwamba ilitoka mbinguni. Jioni hiyo nilirudi mezani nikaanza upya: kijana wangu mpagazi amekaa kando ya moto, kitambaa cha buluu magotini, anazishona herufi moja moja bila kujua kusoma, naye Jones anamchorea kila herufi kwa kijiti mchangani. Anapomaliza ya mwisho anauliza, neno hili maana yake nini? Nimeiandika sura hiyo mara nne, na katika zote nne nimemwacha Jones akitazama moto kwa muda mrefu kabla hajamjibu.