Ukiweka meno 20 mbele, injini haipumziki

Mkuu, hiyo sproketi ya pikipiki yako (gurudumu la meno linaloshika cheni) usiilipie. Kama umeshailipia, usiifunge. Kama umeshaifunga, fungua.

Nimesoma swali lako: singo, yaani pikipiki ya silinda moja, ya zamani ya sisi 500, gia nne, mbele meno 17, nyuma 38. Unataka kupachika 20 mbele ili injini "ipumzike" barabara kuu, na unauliza kama cheni iwe ya oringi (yenye vipete vya mpira kwenye pini) au ya kawaida. Hilo la "ipumzike" ndilo linalonipandisha presha. Kuna wauza spea wanaliimba kutwa: weka kubwa mbele, mizunguko ishuke, injini idumu. Aliyeniuzia mimi maneno hayo ndiye aliyeniuzia baadaye beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki), tena kwa tabasamu lilelile. Biashara anaijua, nampa hongera zake.

Twende kwenye hesabu. Meno ya nyuma gawanya kwa ya mbele, kisha zidisha kwa uwiano wa cheni ya praimari (ile inayotoka kwenye injini kwenda klachi), yaani meno ya klachi kugawanya kwa meno ya sproketi ya injini. Tuseme praimari yako ni 56 kwa 25, sawa na 2.24. Kwa 38 na 17, gia ya juu inatoka 5.0. Tairi la inchi 19 likitembea kama mita 2.06 kwa mzunguko, kilomita 80 kwa saa ni takriban mizunguko 3,240 ya injini kwa dakika. Ukiweka 18 inakuwa 3,060. Ukiweka 20 inashuka hadi 2,750, na kwenye karatasi panapendeza kweli. Ila msukumo kwenye tairi umepungua asilimia 15 katika kila gia, wakati upepo, mlima na abiria wako viko palepale. Kwa hiyo ili upate mwendo uleule itabidi ufungue mafuta zaidi.

Hapo ndipo singo zinapofia. Silinda moja inawaka mara moja kila mizunguko miwili, na muda wote wa katikati kinachoivusha ni flaiwili, lile gurudumu zito la ndani ya injini. Mizunguko ikiwa chini na mafuta yamefunguliwa sana, kila mlipuko unaikuta pistoni inakwenda polepole, na kishindo chote kinazishukia roli za beringi ya konrodi. Pampu ya oili nayo inazungushwa na injini hiyohiyo, kwa hiyo oili inakuja kidogo wakati ambapo inahitajika zaidi. Joto linapanda, halafu injini inaanza kugonga: mlio mkavu, kama kokoto kwenye kopo. Ukiusikia, punguza mafuta uteremshe gia hapohapo. Kama yako ina wenzo wa kurudisha moto nyuma (kuchelewesha cheche ya plagi), utumie mlimani, lakini usidhani utakutibia gia mbaya. Na hata mlio usiposikika, mikiki inaendelea. Cheni inavutwa kwa vishindo, raba za habu zinasagika, na usukani unakutingisha mikono mpaka unadhani ringi imepinda.

Klachi? Gia ya kwanza ikiwa na uwiano wa 2.78, kwa meno 17 jumla yake ni kama 13.9. Kwa 20 inashuka hadi 11.8. Maana yake kila ukiondoka, hasa kwenye kilima, klachi itateleza muda mrefu zaidi kabla haijashika. Plati za zamani zenye vipande vya koki haziwezi mchezo huo. Zinanuka, chuma kinageuka bluu, halafu unaambiwa ukaze springi, na springi ukizikaza unabaki na mkono wa kushoto wenye misuli ya mbeba zege.

Kinachochekesha ni kwamba hata hiyo spidi huipati. Gia ikizidi urefu, injini haifiki kwenye mizunguko yake ya nguvu, na pikipiki inakimbia zaidi kwenye gia ya tatu kuliko ya nne. Umenunua gia ya kuteremkia tu.

Kwa hiyo ni jino moja. Jino moja tu mbele, halafu mlima. Weka 18, tafuta mlima unaoupanda kila siku, upande kwa gia ya juu kwa mwendo wako wa kawaida, mafuta nusu. Ikipanda bila kugonga na bila kukulazimisha kuteremsha gia, bakia hapo. Ikishindwa, rudisha 17 na usibishane nayo. Jino moja mbele ni sawa na kupunguza meno mawili na ushee nyuma, kwa hiyo msidharau eti ni moja.

Namna moja tu ninayoikubali ya kuongeza zaidi: chunguza kwanza kama chombo kiliwahi kuvuta kigari cha pembeni. Singo nyingi za Uingereza zilifungiwa sproketi ndogo ya injini kwa kazi hiyo, na mwenye nayo wa baadaye akaiacha humo. Kama ndivyo, rekebisha kwenye praimari, usiguse sproketi ya giaboksi (hiyo ya mbele). Sproketi ya injini ikiwa kubwa, klachi inazunguka haraka zaidi na inabeba mzigo mdogo.

Kwenye kufunga: nyingi za aina hii zina sproketi ya giaboksi nyuma ya klachi, kwa hiyo praimari yote inatoka. Kabla ya kulegeza nati, jua uzi wake ni wa kulia au wa kushoto. Wengi wameua giaboksi kwa kulazimisha upande usio wake. Washa ya kukunja iwe mpya. Zungusha gurudumu kwa mkono uone cheni haigusi kava popote, maana ya oringi ni pana kuliko ya kawaida. Kwa cheni yenye milimita 15.875 kutoka pini hadi pini, kila jino linaloongezwa linavuta ekseli mbele kama milimita 4. Nafasi ikiisha, ongeza pingili mbili, usiweke ile nusu pingili iliyopinda, ni dhaifu.

Sasa fungua kava la praimari, hesabu meno ya sproketi ya injini na ya klachi, halafu uje na namba hapa. Bila hizo namba tunapiga ramli.