Barua kwa Mwanangu: Jumamosi Zenu Kabla ya Kamati ya Harusi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka Morogoro. Mama yako ni mzima, na barua yako tumeisoma pamoja zaidi ya mara moja, kwa sababu uliyoyauliza yanatuhusu sote wawili ingawa umeniandikia mimi.

Umesema kwamba tangu mchumba wako alipokuvisha pete, na wazee wake wakaleta barua ya posa ikapokelewa, amependekeza msitishe matembezi yenu ya Jumamosi mpaka harusi ipite, ili kila shilingi iingie kwenye mfuko wa harusi. Unaona kwamba ana hoja, ila moyo wako hauridhiki. Na wakati huohuo shangazi zako wameshaanza kuuliza kamati itaundwa lini. Unataka kujua msimamo wangu.

Msimamo wangu ni kwamba msisitishe. Punguzeni gharama za matembezi kadiri mwezavyo, lakini siku yenyewe ilindeni, kwa kuwa miezi hii iliyo kati ya posa na kamati ndiyo pekee ambayo mambo yenu bado yamo mikononi mwenu. Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi za ndugu na za waumini wenzetu hapa parokiani kwa miaka mingi, na nimeona jinsi mambo yanavyokwenda. Kikao cha kwanza huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kadi za michango huchapwa na kugawiwa. Kundi la WhatsApp hufunguliwa. Na baada ya hapo kila wiki kuna taarifa ya ukumbi, ya mapambo, ya mpishi, ya mshereheshaji, ya keki na ya sare. Wachumba wakikutana jioni, hawazungumzi tena wao wenyewe, wanazungumzia nani hajalipa ahadi yake ya mchango na nani amenuna kwa kutopewa kadi. Silaumu utaratibu huo. Naupenda, kwa sababu ndiyo njia yetu ya kumsitiri kijana asiye na uwezo wa kulisha watu wake peke yake, na sisi wazazi wako tumechangia watoto wa wenzetu kwa furaha. Ninachosema ni kwamba ukishaanza, hauwaachii nafasi.

Kwa hiyo mwambie mchumba wako, kwa heshima na kwa upole, kwamba suala la fedha aliloliibua ni la kweli, ila mahali pa kuokoa si kwenye Jumamosi zenu. Gharama ya harusi huamuliwa kwanza na idadi ya wageni. Tuseme chakula na kinywaji cha mgeni mmoja ni shilingi 30,000: wageni 200 ni milioni 6, wageni 350 ni milioni 10 na nusu, na bado hamjagusa ukumbi wala gari la maharusi. Mkiketi ninyi wawili leo mkakubaliana idadi ambayo hamtaivuka, mtakuwa mmeokoa fedha nyingi kuliko za mihogo yote ya ufukweni Coco Beach, hapo Dar es Salaam, mtakayokula mpaka siku ya ndoa. Na idadi hiyo muipeleke kwenye kamati ikiwa imekwisha kuamuliwa, maana kamati ikiachiwa ipange yenyewe, kila mjumbe atakuwa na watu wake ambao hawawezi kukosa.

Jambo jingine ambalo uzoefu wa hazina umenifundisha ni kutolipa malipo ya awali ya kitu chochote kwa kutegemea ahadi. Mtu huandika kiasi kikubwa kwenye kadi kwa nia njema kabisa, kisha ada za shule zinafika, au kunatokea msiba, na ahadi inabaki karatasini. Pangeni kwa fedha ambayo tayari imeingia. Inayokuja baadaye iwe nyongeza.

Sasa nirudi kwenye hizo Jumamosi, kwa kuwa ndizo ulizoniuliza. Matembezi hayalazimiki kuwa ya hotelini. Nendeni Soko la Samaki la Feri asubuhi, mnunue samaki wa wiki, mkawapike kwa dada yako. Utaona anavyopatana bei, anavyozungumza na mchuuzi anayemzidi umri, na kama anashika kisu mwenyewe au anasubiri kuandaliwa. Naye atayaona ya kwako. Vukeni kwa pantoni kwenda Kigamboni. Tembeleeni Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo, ambako kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, na akusimulie nyumba ya babu yake Machame ilivyokuwa. Siku mkiwa na nauli ya ziada, nendeni Bagamoyo penyewe, mfike kwenye misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na magofu ya Kaole hayako mbali. Sikuandikii haya ili mjue vivutio vya utalii. Nataka mkae pamoja kwenye jua, kwenye foleni, kwenye daladala iliyojaa, mkiwa na njaa, mkiwa mmechoka, kwa kuwa maisha ya ndoa yamejaa saa za namna hiyo, na mchumba anayependeza ukumbini tu bado hujamfahamu.

Katika matembezi hayo yapo mazungumzo ambayo ningependa myamalize kabla ya kamati, ingawa msigeuze kila Jumamosi kuwa kikao. La kwanza ni fedha za nyumbani kwao na za nyumbani kwetu. Umeniambia kwamba anamsomesha mdogo wake chuoni. Hilo linanifurahisha sana, na ndiyo maana nataka ulijue kwa kiasi chake na kwa muda wake, ili ukiwa mke wake usije ukaliona kama fedha inayotoroka. Nawe mweleze waziwazi kile unachomtumia mama yako kila mwezi. Sisi hatutaki mkwe atuheshimu kwa kutojua.

La pili ni afya. Nendeni hospitali pamoja, mpime VVU, na mpime pia selimundu (sikoseli), ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo. Mtu anaweza kuwa na kinasaba chake bila kuumwa hata siku moja. Ikiwa nyote wawili mnacho, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa. Majibu ya namna hiyo hayawalazimishi kuachana, lakini ni haki yenu kuyajua mapema na kuyazungumza na daktari mkiwa wawili, kabla watu 200 hawajapewa kadi.

La tatu ni kile kiwanja cha Kibaha mlichotaka kukinunua kwa kuchangiana. Nakiunga mkono kwa sharti moja: mkataba wa mauziano uandikwe majina yenu yote mawili, na kila mmoja abaki na nakala. Kabla ya ndoa ninyi bado ni watu wawili mnaonunua kwa pamoja, na karatasi ndiyo inayozungumza. Hata baada ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huchukulia kwamba mali iliyo kwa majina ya wanandoa wote wawili ni yao kwa usawa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ilhali ile iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka mwingine athibitishe. Ukimwambia hivyo asidhani kwamba humwamini; mwambie ni agizo la baba yako, na mimi niko tayari kumweleza ana kwa ana.

Kuhusu mahari sitasema mengi. Unajua kwamba sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba wako ndiye atakayeketi mbele na mimi nitakuwa kando yake. Nimekwisha kumwomba asipandishe kiasi, na mkaja wa mama yako utolewe kwa kadiri ya uwezo wao. Sehemu ikibaki haijalipwa, isiwe sababu ya kuahirisha ndoa. Hata sheria haiibatilishi ndoa kwa sababu mahari hayakukamilika.

Tarehe msiitangaze kwa mtu yeyote kabla hamjaonana na paroko. Kipindi cha Kwaresima msikitegemee, na ndiyo maana wiki zinazofuata Pasaka kumbi hujaa na bei kupanda. Mkiweza kuchagua mwezi uliotulia, mtapata ukumbi uleule kwa fedha pungufu. Yapo mafundisho ya ndoa ambayo mnapaswa kuyahudhuria wote wawili, na mimi ningeyaingiza katika ratiba kama sehemu ya Jumamosi zenu badala ya kuyaona kama adhabu. Ipo nakala mpya ya cheti cha ubatizo, ambayo kwa upande wako nitaifuatilia mwenyewe hapa parokiani. Kisha zipo Jumapili za matangazo, na sheria nayo inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla. Hesabuni kurudi nyuma kutoka tarehe mnayoitaka, mtaona wenyewe kama inafikika.

Na shangazi zako waambie kwamba kamati itaundwa baada ya mahari kupokelewa, na kwamba hilo ni neno langu. Wakiuliza zaidi, watanipigia mimi.

Mwisho, mama yako anaomba mje mwezi huu, maana mchumba wako amefika kwetu akiwa na wazee wake tu, akiwa amekaa kimya kwenye kochi kama desturi inavyotaka, nasi hatujapata kumsikia akizungumza. Treni ya umeme inayofika hapa tangu mwaka 2024 inawawezesha kuja asubuhi na kurudi jioni, hivyo haitakuwa gharama kubwa wala hamtahitaji ruhusa kazini. Msilete zawadi. Ningependa kumchukua shambani Mkuyuni, tuonyeshane migomba kwa kuwa naye ametoka kwenye migomba, na mama yako atapika kitoweo ambacho hakutaka nikitaje hapa. Nijulishe ni Jumamosi ipi, ili nimwambie mjomba wako naye awepo.

Baba yako