Aliyesema amejichoma sindano kapewa barua, sasa wote tumenyamaza

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni nesi hospitali moja ya wilaya. Kipindi cha kipindupindu tulikuwa tunatundika dripu usiku kucha, manesi wawili wodi nzima, mwenzangu akajichoma sindano akaripoti, kesho yake kaandikiwa barua ya uzembe. Tangu hapo mtu akijichoma anakausha tu. Glavu zikiisha hakuna anayesema, mganga mfawidhi akipita raundi tunaitikia kila kitu kiko sawa. Nifanyeje bila kuonekana mchochezi? Nesi, Kanda ya Ziwa

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Kwanza afya yako: ukijichoma osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, halafu wahi dawa za kinga ya VVU masaa hayohayo, zikipita saa 72 hazina kazi tena, na unazimeza siku 28. Kwa hiyo ile barua inawanyamazisha watu kwenye masaa yaleyale ambayo kusema ndio kupona, na hilo linaniuma kweli.

Nikupe mfano wa Dkt. Matthew Lukwiya, mkuu wa hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda. Mwaka 2000 alikuwa Kampala masomoni, akapigiwa simu kwamba wanafunzi wa unesi wanakufa na ugonjwa usioeleweka, akarudi, akapitia mafaili, akaona hii ni Ebola, na kabla majibu ya maabara hayajatoka Afrika Kusini tayari kashafungua wodi ya kutenga wagonjwa. Hakusubiri ruhusa. Mwezi wa 11 manesi wanazikana, wakachoka wakataka kuondoka, yeye akakaa nao ukumbini akawasikiliza, akawaambia anayetaka kwenda aende ila yeye anabaki. Na alikuwa anaingia wodini mwenyewe. Usiku mmoja mgonjwa, naye nesi wa hapohapo, katoka kitandani anavuja damu, daktari akakimbilia kumsaidia ana gauni, glavu na barakoa, miwani ya kinga hakuvaa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, mlipuko wote uliua watu 224.

Sasa huyo naye tungemwandikia barua ya uzembe? Mtu makini kuliko wote, kachoka, saa za usiku, kasahau kitu kimoja. Kuchoka hakuponi kwa barua, kunapona kwa kuongeza mtu zamu na kuwa na mwenzako wa kukukagua kabla hujaingia.

Usiende peke yako. Andikeni kwenye kitabu cha ripoti ya zamu, glavu zimeisha saa ngapi, wagonjwa wangapi, manesi wangapi, kila zamu, bila maneno makali. Mpelekeeni matroni, mumwombe daftari la waliojichoma lisiguse kabisa mambo ya nidhamu. Akikaa kimya, kamati ya kudhibiti maambukizi, kisha mganga mkuu wa wilaya. Barua ya mwenzako pelekeni tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, waombe ifutwe, na yeye kama hajarudi kupima VVU tena, nenda naye wiki hii.