Penticton, mji wa British Columbia, Kanada, kando ya Ziwa Okanagan, kiangazi: maswali yenu, pamoja na lile la kila mwaka

Kuna treni kutoka Vancouver?
Hakuna. Ni gari au basi, takribani kilomita 400 za milima. Reli ya zamani ya Kettle Valley siku hizi ni njia ya baiskeli.

Mwezi gani ni mzuri kwenda?
Hili nimelijibu hadi ulimi umeota sugu. Mzuri kwa lipi? Cheri ni mwisho wa Juni na Julai. Mapichi ni mwisho wa Julai na Agosti. Matufaha na zabibu za mvinyo ni Septemba na Oktoba. Ukienda Aprili utakuta maua, basi usiniandikie kulalamika kwamba vibanda vya matunda vimefungwa. Na Agosti ina moshi wa moto wa misituni. Mwaka 2023, moto ulipokuwa ukiunguza West Kelowna, mji mwingine wa kando ya ziwa, serikali ya British Columbia ilizuia watalii kulala hotelini hata Penticton. Weka chumba unachoweza kukighairi.

Tuko wanne na gari moja. Tutamaliza viwanda vinane vya mvinyo vya Naramata Bench, karibu na Penticton, kwa siku?
Nani anaendesha? Barua tatu wiki hii, hakuna hata moja iliyomtaja dereva. Pale kipimo cha pombe kwenye damu kikifika asilimia 0.05 polisi wanakuchukulia leseni papo hapo, barabarani, na kujitetea kwamba "nimeonja tu" hakusaidii. Chagueni viwanda vitatu, mkodi gari lenye dereva. Ile ndoo juu ya meza si pambo: onja, tema, hakuna atakayekucheka. Kufikia glasi ya kumi ulimi haujui tena unaonja nini, unalewa tu kwa bei ghali.

Matawi ya cheri yameinamia barabarani. Tukichuma kidogo?
Msichume. Mti ule una mwenyewe, na mwenyewe hajalala. Mvua ikinyesha cheri zikiwa zimeiva, maji yanatuama kwenye kikonyo, tunda linavimba na ngozi inapasuka. Ndiyo maana wakulima hukodi helikopta ziruke juu ya miti alfajiri kupeperusha maji. Mtu amelipia helikopta kuokoa tunda, wewe unalifanya kionjo cha bure! Tena Julai 2024 ushirika wao, BC Tree Fruits, wa tangu 1936, ulitangaza kufunga, wengine mavuno yakiwa bado mtini. Nunua kibandani, ulipe bila kuomba upunguziwe.

Nimenunua chupa ya mvinyo wa 2024, nikaambiwa zabibu zake si za bonde hili. Nimeibiwa?
Hujaibiwa, hukusoma lebo. Januari 2024 baridi ilishuka chini ya nyuzi -25, machipukizi ya mizabibu yakafa, mavuno ya mwaka ule yakawa karibu na sifuri. Serikali ikaruhusu viwanda kuleta zabibu za nje ili visife. Ukitaka mvinyo wa zabibu za British Columbia tu, tafuta alama ya BC VQA kwenye lebo. Mimi ningewaunga mkono wenye viwanda hata hivyo. Mzabibu mpya unachukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa vya kutosha.

Ni kweli Ziwa Okanagan lina zimwi?
Zimwi hilo, Ogopogo, la kwenye fulana ni la wauza fulana. Kwa Wasyilx, wenyeji wa bonde, ni roho ya maji yenye heshima zake. Wewe ogopa upepo: ziwa lina urefu wa kilomita 135, na boya lako la plastiki halina breki. Vaa jaketi okozi.